Uzoefu wangu na ukaguzi wa afya unaofanywa na halmashauri

Ninaendesha biashara ya chakula kilichopikwa, na huduma ninayoitathmini hapa ni ukaguzi wa afya ya mazingira. Wafanyabiashara wengi huuona kuwa usumbufu unaoambatana na leseni. Kwangu mimi, ni miongoni mwa huduma zenye faida kubwa kuliko zote ninazozilipia ada.

Afisa afya aliyetukagua hakuanza na makaratasi, alianza na jiko. Alitumbukiza kipimajoto chake katika mchuzi uliokuwa ndani ya jokofu, kikaonyesha nyuzi 9 za Selsiasi, ilhali kipimo cha mlangoni kilikuwa kinaonyesha 4. Chanzo kilikuwa mpira wa mlango uliochakaa. Badala ya kuandika kosa na kuondoka, alitueleza kwamba vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, hivyo chakula cha baridi hakina budi kukaa chini ya 5 na cha moto juu ya 60, na kwamba nyama mbichi huwekwa rafu ya chini kabisa ili majimaji yake yasidondokee chakula kilichokwisha kuiva. Wapishi walipoelewa sababu, walianza kupima na kuandika daftarini bila kusukumwa na mtu, jambo ambalo faini pekee isingelileta.

Majirani nao walinufaika. Afisa huyo alifuata mkondo wa maji machafu hadi nje ya uzio, kisha akataka tujenge chemba ya kunasa mafuta, kwa kuwa mafuta yakiganda ndani ya bomba huziba njia ya mtaa mzima na maji taka hufurika hadi kwenye nyumba za watu wasiohusika.

Upungufu upo. Idara haziwasiliani: wakaguzi wa zimamoto, ambao ushauri wao kuhusu mitungi ya gesi na njia za kutokea ulikuwa mzuri sana, walidai upya nyaraka zilezile. Linaloniumiza zaidi ni kwamba vibanda vidogo hupitwa, ingawa anayekula hapo anastahili usalama uleule.

Ninaiomba halmashauri pia iamuru matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni. Denmark hufanya hivyo tangu 2001, kwa alama za nyuso zinazotabasamu au kununa, na mteja huziona kabla hajaagiza chakula.