Mto wa hewa wa kiti cha magurudumu, baada ya miaka miwili

Tangu niumie uti wa mgongo sihisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Kwa hiyo nikiusifu mto wa kukalia, siusifu kwa kuuhisi. Nausifu kwa sababu jioni nikijikagua kwa kioo, ngozi iko salama.

Mto wangu wa kwanza ulikuwa wa sponji. Dukani niliubonyeza kwa kiganja, ukadidimia na kuinuka vizuri, nikaridhika. Miezi kadhaa baadaye sponji ilikuwa imekufa katikati, pale pale inapokaa mifupa ya makalio, na kwa kuutazama tu usingejua. Nilikuja kugundua doa upande wa kulia, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka na lenye joto. Nililala usiku kucha, asubuhi bado lipo. Likawa kidonda, na kidonda hicho kilinilaza kifudifudi wiki tisa.

Huu wa sasa una vijumba vya mpira vilivyosimama wima, vimeunganishwa kwa chini, hivyo ukielemea upande mmoja hewa huhamia kwingine. Ila uzuri wake wote uko kwenye kiasi cha hewa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaujaza mpaka unakuwa mgumu, wakidhani ndio imara. Mimi naujaza kupita kiasi kwanza, nakaa wima miguu ikiwa mahali pake, kisha napenyeza mkono kati ya mto na makalio, nautafuta mfupa ulio chini kuliko yote. Nafungua valvu, hewa inatoka polepole hadi kati ya mfupa na kitako cha mto ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi. Ikipungua zaidi, mfupa utagonga chini. Nakagua hivyo kila asubuhi, maana hewa husinyaa kwenye baridi na kutanuka kwenye joto.

Una kasoro. Unayumba, na wiki ya kwanza nilihangaika sana kuhamia kitandani. Ulishatoboka pia, nikaubandika kiraka na kuketi kitandani siku nzima nikisubiri gundi ikauke. Tena ni mrefu kuliko ule wa sponji, ikabidi sehemu za kuwekea miguu zirekebishwe upya. Na foronya isibane: ikikazwa kama ngozi ya ngoma, unakalia kitambaa, vijumba havifanyi kazi.

Wa jeli niliujaribu wiki mbili. Umetulia, hauna hofu ya kutoboka, lakini ni mzito kuupakia garini, na jeli hukimbia chini ya mfupa hadi uikande irudi. Mwenye hisia zake, anayejigeuza mwenyewe na ambaye ngozi yake haijawahi kuchanika, anaweza kutosheka hata na sponji nzuri, mradi aibadilishe mapema. Mimi siirudii.

Hata kwenye huu wa hewa, kila nusu saa nainama kifua kikagusa mapaja, nakaa hivyo dakika mbili damu ipite. Hakuna mto unaokuondolea kazi hiyo, hata muuzaji aseme nini.

Ukienda kuchagua, nenda na kiti chako mwenyewe. Kalia mto saa nzima, kisha mtu unayemwamini akukague ngozi kabla hujalipa. Wasipokuruhusu, ondoka.