Boti kubwa au ndogo? Nimepanda zote mbili pale Murchison

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kuona maporomoko ya Murchison, Uganda, kwa boti kubwa ya ghorofa. Mwaka huu nimerudi na binti yangu wa miaka 12, tukapanda ndogo. Njia ni ile ile: unaondoka gati la Paraa, unaupandisha mto Nile kilomita 17 hivi hadi karibu na maporomoko, kisha unageuza. Kwenda na kurudi ni muda wa saa tatu hivi.

Boti kubwa ina raha zake. Mama ana magoti mabovu, lakini alipanda bila kushikwa mkono. Choo kipo, soda baridi ipo, na ukiwa ghorofani unaona mbali hadi kwenye nyasi walikosimama kuro na nyati. Shida ni watu. Ndovu walipotokea kushoto, abiria wote walikimbilia kushoto, boti ikainama, mhifadhi akapaza sauti: "Jamani, rudini upande wa pili!" Mama akabaki anatazama migongo. "Mwanangu, hao ndovu wako wapi?" Nilipompenyeza mbele, tulikuwa tumeshawapita. Iliniuma sana.

Ndogo tulipanda watu tisa. Tulipofika kwenye ukingo mrefu wa udongo uliojaa matundu, nahodha akazima injini. Mle ndimo wanamozalia ndege waitwao keremkerem, wenye koo jekundu. Walikuwa wanaingia na kutoka, mmoja ana kereng'ende mdomoni, akampigapiga kwenye kijiti mpaka mabawa yakadondoka, ndipo akaingia naye tunduni. Binti yangu aliacha kabisa kupiga picha. Kiboko naye akaibuka hatua chache tu kutoka kwetu, akapumua kwa nguvu, nahodha akawasha injini haraka tukasogea. Kwenye boti kubwa viboko nilikuwa nawahesabu tu. Hapa nilisikia pumzi.

Kadiri unavyokaribia maporomoko, mapovu meupe yanaelea majini kama ya sabuni. Huko juu mto unabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Mamba hupenda kukaa huko chini kwa sababu samaki wanafika wamelegea kwa kupigwa na maji. Boti yetu ndogo ilisogea karibu kuliko ile kubwa ya mwaka jana.

Lakini ndogo haina choo, na waliotukatia tiketi walituahidi paa. Tulichokuta ni turubai lililochanika. Jua la saa nane lilituchoma kweli kweli. Itazame boti kwa macho yako kabla ya kulipa, na usikubali kuondoka bila jaketi la kuokoa maisha lililofungwa vizuri kifuani.

Anayeshuka upande wa pili, kuelekea mto unapoingia Ziwa Albert, kumtafuta korongo mwenye mdomo kama kiatu, achukue ndogo bila kufikiri mara mbili. Yule ndege anakaa kwenye mafunjo.

Mama ameshasema anataka kurudi. Magoti ni yale yale, kwa hiyo itakuwa boti kubwa tena, ila katikati ya wiki, safari ya asubuhi. Tutawahi gatini, nimkalishe ghorofa ya chini, mbele kabisa, kabla watu hawajaanza kupanda.