Kamusi ya Oxford kwenye meza ya mfasiri

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka: barua za mirathi, mikataba ya mashamba, viapo vya mahakamani. Kwa upande wa Kiingereza naitegemea Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile aliyoianzisha A. S. Hornby, na ubora wake nauona zaidi kwenye vitenzi kama relinquish.

Kamusi za mfukoni za bei rahisi hukimaliza kitenzi hiki kwa neno moja: acha. Acha ipi sasa? Kuacha pombe, kuacha mke, au kumwacha mtoto kwa bibi yake? Oxford inaeleza kwamba ni kukoma kuwa na kitu, hasa pale mtu anapokiachia bila kupenda. Inakuwekea alama kuwa ni lugha rasmi, halafu inakuonyesha muundo: kitu kinachoachiwa, kisha "to" na anayekipokea. Hiyo "to" ndiyo inayonifaa kuliko yote, maana inaniambia upande wa pili yupo mtu.

Dada akimwachia kaka yake sehemu yake ya shamba la marehemu baba, na barua ikatumia relinquish, naandika "ameachia haki yake". Nikiandika "ametelekeza" nimemharibia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 ina utaratibu wake kwa ardhi iliyotelekezwa, na ardhi hiyo inaweza kuishia kwa mtu mwingine kabisa. Familia nzima inaweza kuvurugana kwa kitenzi kimoja.

Ndugu za neno hili nao wamepangwa vizuri. Forsake ina alama ya lugha ya fasihi, pamoja na maumbo yake forsook na forsaken. Ndilo la Zaburi ya 22 katika Biblia ya King James, pale sisi tunaposoma "mbona umeniacha". Renounce ni kutangaza rasmi kwamba cheo au haki fulani huitaki tena, ndiyo maana kwenye hati za uraia naandika kukana. Abdicate ni ya wafalme, kama Edward wa Nane alivyoachia kiti cha Uingereza mwaka 1936.

Kwenye tovuti, ambayo ni bure, unasikia na matamshi, ya Uingereza na ya Marekani. Kiswahili hakimo, kwa hiyo pembeni weka Kamusi Kuu ya BAKITA. Mwanafunzi wa sekondari tovuti inamtosha. Wewe unayeshika hati za watu, nunua kitabu. Ni kizito, lakini umeme ukikatika mteja bado yupo kwenye benchi anasubiri.