Bialetti Moka Express ya vikombe 3 kwenye jiko la gesi

Birika hili la alumini, lililobuniwa Italia mwaka 1933, linatoa kahawa nzito bila umeme. Ila "vikombe 3" ni vile vidogo vya kahawa chungu. Ukiongeza maziwa, hutapata zaidi ya vikombe viwili vya kawaida.

Tia maji ya moto sehemu ya chini, kama mililita 150, yasifikie valvu, kile kitundu cha usalama cha kutolea mvuke ubavuni. Ukianza na ya baridi, kahawa hukaa kwenye joto muda mrefu na kuwa kali bure. Jaza kichujio gramu 15 hadi 17 za arabika ya Moshi, iliyosagwa karibu na ulaini wa chumvi ya mezani. Usiishindilie kabisa, maji yatakosa njia. Mwali usizidi kitako, mkono wa plastiki usije ukayeyuka. Likianza kukoroma, epua papo hapo. Kinachotoka baada ya hapo ni uchungu mtupu.

Likivuja kiunoni, pale sehemu ya juu na ya chini zinapoungana, futa unga ulionasa kwenye mpira wa kuzibia, au badilisha mpira wenyewe. Osha kwa maji, kausha vipande vikiwa wazi. Jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku, haliliwezi. Kwa mandazi ya asubuhi, hakuna kahawa ya unga wa kuyeyusha inayolifikia.