Shravanabelagola peku peku: msifanye kama mimi

Wadau mnaosoma Bangalore au mliopeleka wagonjwa huko, kila siku mnauliza wikiendi twende wapi zaidi ya kuzurura madukani, mimi nimetoka Shravanabelagola jumapili na nyayo bado zinauma, kwa hiyo naandika kabla sijasahau.

Ni kimji kidogo tu cha jimbo la Karnataka, India, kama kilomita 145 toka Bangalore, bwawa katikati na vilima viwili vya mwamba vinatazamana. Jina lenyewe limetoka kwenye hilo bwawa, belagola ni bwawa jeupe. Mimi nilishuka Channarayapatna nibadilishe gari, na hapo stendi dereva mmoja wa bajaji (kama zetu tu hizi) akaniapia basi limeshaondoka mpaka mchana, nikapanda, rupia mia nne, hata nusu ya njia hatujafika basi hilo hapo linatupita na honi juu. Nyota moja nimeipunguza hapo.

Sasa kilima chenyewe, Vindhyagiri. Viatu unaacha chini, ngazi ni 600 na ushee zimechongwa kwenye mwamba. Pale chini kuna mama anauza soksi, "anna (yaani kaka), soksi, soksi", nikamuona kama ananiletea biashara tu, mimi mtoto wa uswahilini nimekua nacheza chandimu peku, soksi za nini. Saa tano na nusu nikaanza kupanda. Wasioweza wanabebwa kwenye kiti na wanaume wanne, na wale jamaa wanapanda kwa kasi utadhani wanakimbia deni.

Juu ndo unakutana na Bahubali, mtakatifu wa Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India. Sanamu la jiwe moja, mita 17 na kitu, limechongwa miaka ya 980 huko kwa amri ya Chavundaraya, waziri wa ufalme wa Ganga. Yuko uchi kabisa, maana Wajaini wa dhehebu la Digambara watawa wao hawavai kitu, na nakiri mwanzoni nilichekacheka kijinga. Ila sogea uangalie miguuni. Kuna mimea inayotambaa imechongwa inapanda mapajani mpaka mikononi, na kwenye vichuguu pembeni nyoka wanachungulia. Stori ni kwamba alipigania ufalme na kaka yake Bharata, akashinda, halafu akiwa ameshashinda akaona upuuzi, akaacha vyote akasimama kutafakari mpaka majani yakamwotea mwilini. Mtu kashinda ndo kaacha! Nilikaa pale chini kama nusu saa sisemi kitu. Kila miaka 12 wanajenga jukwaa nyuma yake wanamwogesha kwa maziwa, maji ya miwa na manjano toka kichwani, mara ya mwisho ilikuwa 2018, kwa hiyo anzeni kudunduliza.

Kushuka sasa, saa saba, jua la utosi. Aisee ule mwamba ni kikaango. Nikawa naruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, natafuta kivuli cha ukuta, na bibi wa miaka sabini huko na soksi zake za kijivu akanipita taratibu kashika reli anatabasamu.

Chakula kizuri na bei ndogo, wali, sambar (mchuzi wa dengu na mboga) na mtindi, wanaongeza mpaka useme basi. Ila kitunguu maji, kitunguu saumu, viazi usiulize, Wajaini hawali vya kung'olewa ardhini kwa sababu ukiung'oa mmea umeuua na vidudu vya kwenye udongo pia. Kachumbari niliikumbuka kidogo. Kilima cha pili, Chandragiri, ambako wanasema Chandragupta Maurya, mfalme wa zamani wa India, alimalizia maisha yake kwa kufunga, nilikiangalia kwa mbali tu, miguu iligoma.

Kwa hiyo nendeni asubuhi saa moja mwamba ukiwa bado wa baridi. Soksi nilinunua nikiwa nimeshashuka, yule mama akaniuzia bei ileile wala hakunicheka. Ninazo hapa, mpya, anayeenda aseme nimwazime.