MC wa harambee Kigoma mjini: matajiri anawaweza, chakula chake tafuteni kwingine

Tangu tufanye chakula cha hisani cha kuezeka madarasa mawili ya shule ya kata yetu, watu hawaishi kunipigia wakiuliza lile kundi tulilikodi shilingi ngapi na kama linafaa. Naandika mara moja yaishe. Mimi ni mhazini wa kamati na nauza vitenge sokoni Mwanga, kwa hiyo pesa ikitoka mkononi kwangu napenda nijue imekwenda wapi.

Walianzia milioni mbili na nusu, tukawashusha hadi milioni mbili: MC, muziki, mapambo na chakula cha watu mia. Chakula nakisema upesi. Migebuka ilikaangwa mchana, ikatufikia usiku imepoa na kukakamaa. Kwa mji ambao samaki wanashushwa Kibirizi asubuhi wakiwa wabichi kabisa, hiyo ni dharau. Soda ziliisha kabla ya meza za nyuma kufikiwa. Mapambo, sawa tu.

MC sasa. Huyu bwana hakutuuliza rangi ya vitambaa. Alichotaka ni orodha ya wenye nazo: wenye mabasi, wenye maboti ya dagaa, wenye mashamba ya michikichi, na wazawa waliopanda treni hapa mwisho wa reli wakaenda kutajirikia Dar. Akachagua mmoja, mzee wa malori, akamfuata nyumbani akiwa na mwenyekiti wetu. Hakwenda na kadi ya mchango. Alikwenda na makadirio ya fundi: bati, mbao, misumari, kofia, kila kitu na bei yake. Akamwambia, "Mzee wangu, darasa moja ni lako peke yako. La pili niachie mimi, nitalipata ukumbini." Mzee akauliza nani mwingine ametoa. "Bado hakuna. Ndiyo maana nimeanza kwako, mzee."

Usiku ule mzee akasimama wa kwanza, akataja darasa zima. Mimi nilikuwa meza ya kupokea pesa, pembeni ya meza kuu, nikamwona mfanyabiashara mmoja akiishusha bahasha yake chini ya kitambaa, akaichana taratibu, akaongeza noti, akaikunja upya. Angeanza na mnada wa keki kama MC wengine, wa kwanza angetaja laki moja, na laki moja ndiyo ingekuwa bei ya usiku mzima. Tajiri haangalii shida yako ina ukubwa gani, anaangalia tajiri mwenzake katoa ngapi.

Hata wale wa mabilioni ya dola wanavutwa hivyo hivyo. Mwaka 2010 Warren Buffett, Bill Gates na Melinda walianzisha Giving Pledge: tajiri anaahidi hadharani kutoa walau nusu ya mali yake, akiwa hai au kwa wosia. Walianza na majina 40, na Mo Dewji wetu akajiunga 2016. Wakubwa wametangulia ili wenzao waone haya kubaki nyuma. Ila ahadi ile haimfungi mtu kisheria, wala hakuna mhazini wa kumpigia simu. Mimi namvulia kofia zaidi Chuck Feeney, tajiri wa Marekani aliyetoa zaidi ya dola bilioni 8 na kuufunga mfuko wake mwaka 2020 akiwa bado hai, anaona. Huyo katoa taslimu.

Kwenye ahadi MC wetu ni mkali. Mgeni rasmi alipoanza "mimi na marafiki zangu", akaulizwa kwa adabu kabisa, "Marafiki gani mheshimiwa, tuwaandike?" Ukumbi ulivunjika mbavu, lakini majina mawili yalipatikana. Kila ahadi iliingia kwenye daftari na namba ya simu na tarehe aliyoitaja mhusika mwenyewe kwenye kipaza sauti.

Kasoro ni kwamba kazi yake inaishia usiku ule ule. Wa kufuatilia nimebaki mimi, na kuna mkandarasi mmoja kila nikimpigia yuko kikaoni. Mkimkodi, sehemu ya mwisho ya malipo yake izuieni mpaka awe amewapigia wote walioahidi.

Jingine lililonikera: akina mama wa kikoba walileta laki tatu taslimu, akawapitia kama hawapo, akakimbilia meza kuu. Waislamu tunajua zaka ni moja katika arobaini ya mali iliyofika kiwango, na Wakristo wana fungu la kumi. Kwa hesabu ya mafungu, yaani mtu katoa sehemu gani ya alicho nacho, wale mama walistahili kushangiliwa kuliko meza yote ya mbele, ukimtoa mzee wa malori. MC anayeijua saikolojia ya matajiri vile angewauliza fungu, asiwaulize kiasi.

Nampa nyota nne. Wapishi wake mbili, nazo kwa huruma. Chukueni MC na muziki tu, chakula mpeni mama lishe yeyote wa Kibirizi. Darasa la mzee limeshapigwa bati, la pili liko kwenye kenchi linasubiri ahadi. Na muwahi, Desemba anajaa harusi.