TAHADHARI: Nikon D90 ya sebuleni, usinunue kabla hujaitoa juani

Ndugu zangu wapigapicha, hasa mnaoanza kazi na mnasaka kamera ya mtumba ya bei nafuu: kuna mtu hapa Dar anauza Nikon D90 na lenzi yake ya 18-105. Anakuita kwake jioni, anakuacha ujaribu sebuleni mpaka uridhike mwenyewe. Msinunue. Mimi nimeshalizwa laki nne na themanini, na walioumia zaidi yangu ni wazazi wa watoto kumi na wanne wa kipaimara ambao picha zao za nje sina namna ya kuzirudisha.

Sebule ile ina pazia zito la bluu na taa moja. Nilipiga kama picha thelathini kwa P (kamera inajipangia mwanga yenyewe), nikazikuza kwenye kioo, macho yametoka makali kabisa. Zilikuwa na giza kidogo tu. Nikamwambia. Akasema, "Kaka, si unaiona mwenyewe taa ya humu ndani?" Nikaona ana hoja, nikalipa kwa simu.

Jumamosi yake, saa saba mchana, niko nje ya kanisa. Gauni nyeupe, jua la utosi. Picha ya kwanza nyeupe pe. Ya pili afadhali. Ya tatu imeungua tena, uso wa mtoto yamebaki macho na nywele. Nikashusha mwanga kwa kitufe cha ± na bado ikawa kubahatisha: moja giza, moja imeungua. Palipoungua namna ile hapana kitu cha kuokoa kwenye kompyuta. Nilikesha usiku ule najaribu.

Fundi mmoja Kariakoo ndiye aliyenifumbua macho. Alichomoa lenzi akanionyesha kijiti kidogo cha chuma nyuma yake. Lenzi hizi zikiwa nje ya kamera, tundu la kupitishia mwanga hukaa limebana. Ukisukuma kijiti linafunguka, ukikiachia visu vyembamba vinavyobana tundu vinapaswa kurudi papo hapo. Vya kwangu vilirudi taratibu, kama kope za mtu anayesinzia. Vimelowa mafuta.

Sasa mtego uko hapa. Penye giza kamera hufungua tundu lote, visu havina kazi yoyote, kwa hiyo ugonjwa hauonekani hata ukipiga picha mia. Juani kamera inataka kubana tundu mpaka f/8 au f/11 (namba ya f ikipanda, tundu linabana zaidi). Visu vinachelewa, shata (kipazia cha ndani ya kamera kinachoruhusu mwanga) inafunguka tundu likiwa bado wazi, na mwanga unaingia mara nne au mara nane ya unaotakiwa. Ndiyo maana anataka uje jioni.

D90 ilitoka mwaka 2008, na visu kulowa mafuta kwa lenzi ya umri huo si ajabu. Kwa hilo peke yake ningemtetea muuzaji, ningesema labda naye hakujua. Lakini fundi alipofunga lenzi yake mwenyewe iliyo nzima kwenye kamera yangu, picha zote zikatoka na giza, kwa kiasi kilekile, na alama ya ± haipo kwenye kioo. Akaingia kwenye menyu, kipengele b4, akakuta kipimo cha mwanga kimeshushwa hadi -1 kwa aina zote tatu za upimaji. Mpangilio huo hauonyeshi alama yoyote unapopiga. Haujishushi wenyewe. Kuna mtu aliona picha zinaungua, akatafuta mahali pa kuficha. Na shata ambayo muuzaji aliniambia imepiga picha elfu kumi na mbili? Nikon huandika idadi ya mipigo ndani ya kila picha. Tulipoisoma kwenye kompyuta ilikuwa 91,640. Shata ya D90 kiwandani imepimwa kwa 100,000.

Ukienda kununua, toka nje mchana. Weka M (unapanga mwenyewe), ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 200, zima ISO ya auto, elekeza ukuta uliopigwa na jua. Piga f/5.6 kwa 1/2000 ya sekunde, f/8 kwa 1/1000, f/11 kwa 1/500, f/16 kwa 1/250. Picha zote nne zinapaswa kufanana. Zikizidi kuwa nyeupe kadiri namba ya f inavyopanda, ugonjwa uko kwenye visu au kwenye kijiti kinachovivuta ndani ya kamera. Badilisha lenzi utajua ni kipi. Ukiona utepe wa giza juu au chini kwenye 1/2000 au 1/4000, shata imechoka. Halafu piga kumi mfululizo kwa f/11, uone kama zote zinalingana.

Msimwonee muuzaji mwaminifu, lakini. Kwanza bonyezeni kwa pamoja vile vitufe viwili vyenye nukta ya kijani, kwa sekunde mbili au zaidi, ± irudi sifuri. Hakikisheni ISO haikuachwa 1600, wala upimaji haukuwekwa kwenye nukta moja huku mnalenga suti nyeusi. Kamera nyingi zinaitwa mbovu kwa hayo tu.

Mimi namba yake haipatikani. Jina lililokuja kwenye ujumbe wa malipo halikuwa lile alilojitambulisha nalo; nililiona na nikabonyeza tu. Nimefungua RB (namba ya taarifa) polisi, ila sina risiti wala hatukuandikishana namba iliyo chini ya kamera. Ninyi andikishaneni, hata kwenye karatasi ya daftari, na muipige picha.

Juzi limetoka tangazo jipya: D90, lenzi 18-105, "shata elfu kumi na mbili", laki tano, na nyuma ya kamera pazia lilelile la bluu. Nimemwomba rafiki yangu ajifanye mteja, amwambie wakutane saa sita mchana uwanjani. Muuzaji alisoma ujumbe jana asubuhi. Hajajibu mpaka sasa.